Mpaka Kwanza, Mikaratusi Baadaye

Mtakapoteremka bondeni kwa mara ya kwanza, mkiwa na vishikwambi vyenu na viatu ambavyo bado vinang'aa, mtaulizwa swali kabla hamjapewa kiti: "Umetumwa kupima?" Msiharakishe kujibu. Mimi nililijibu kwa kicheko, nikasema kwamba sipimi, naweka alama tu, na jibu hilo nusura limkoseshe mjane mmoja shamba lake.

Nimestaafu kabla ya wakati. Magoti yangu yaliikataa miteremko ya Gusii nikiwa bado sijafika hamsini, na daktari akaniambia nichague kati ya kazi na kutembea. Ninayowaandikia ninyi maafisa wapya basi yangali mabichi kichwani. Baadhi yananiuma, mengi yananifurahisha.

Katika barua za ofisi kazi yetu huitwa ushirikishaji wa wakulima na wamiliki wa ardhi katika mipango ya kurejesha mazingira asilia. Mkiivua hilo vazi la maneno, mtakuta ni kumwendea mtu mwenye shamba jembamba kuliko kiwanja cha shule, analolihitaji lote hadi pembe ya mwisho, na kumwomba aache kipande kisilimwe ili maji, vyura na ndege wapate pa kurudi. Hana sababu ya kukubali. Wengi walikubali. Jambo hilo linanishangaza hadi leo, na ningependa liwashangaze ninyi pia, kwa maana afisa asiyeshangaa huanza kuamini kwamba watu walikubali kwa sababu ya hotuba yake.

Somo la mapema kabisa nililipata upande wa Itumbe, nilikotumwa kuitisha mkutano wa wakulima wa chai kuhusu kingo za vijito. Nilichagua siku, nikabandika matangazo, nikaketi katika ukumbi wa kanisa tangu saa tatu asubuhi. Saa tano aliingia mzee mmoja mwenye koti la mvua, akakaa kwenye benchi la nyuma.

"Wengine wako njiani, baba?" nilimuuliza.

"Hawaji. Leo lori linachukua majani."

"Na wewe umekuja mkutanoni?"

"Mimi nimekuja kukuambia hawaji. Niliona si vizuri ukae hapa peke yako mpaka jioni."

Tulizungumza hadi adhuhuri. Kwa ncha ya mwavuli wake alinichorea, juu ya vumbi la sakafu, kila kijito alichokijua utotoni, akaonyesha kipi bado kina maji na kipi kimebaki jina. Nilikuwa nimefanya kazi ya ramani ofisini kwa miaka mingi kabla ya kupelekwa nyanjani, na sikuwahi kuchora iliyokuwa kamili kama ile. Tangu siku hiyo sikupanga mkutano kabla ya kuuliza lori la chai huja lini, soko ni lini, na kama kuna matanga mahali.

Lakini kosa kubwa nililifanya kwingine, na kulieleza inanibidi niseme nilikotoka. Nilizaliwa Nyansiongo, upande wa Borabu, katika mashamba yaliyokuwa ya walowezi. Huko mpimaji alipita kabla yetu. Mistari imenyooka, ng'ombe wana nafasi, na kigingi cha mpakani ni kitu cha kujikunia mgongo kama wewe ni ndama. Nilikua nikidhani kwamba ninaijua nchi ya Wakisii kwa kuwa mimi ni Mkisii. Vilimani mambo ni mengine. Shamba ni ukanda unaoteremka kutoka barabarani juu hadi kijitoni chini. Kila kizazi kinapogawana, ukanda hupungua upana, urefu ukabaki ule ule, kwa maana kila mwana lazima afike barabarani na kila mwana lazima afike majini. Kufikia sasa zipo familia ambazo unaweza kusimama katikati ya urithi wao, ukanyoosha mikono, ukawagusa majirani wawili.

Mkuu wangu katika ofisi ya Nyamira, Bi. Achieng', alitoka kaunti za ziwani na alikuwa ameishi mjini pale muda mrefu, akiwajua wenye mashamba kwa majina ya watoto wao. Alinionya mapema. "Wewe Mkisii wa mashamba makubwa," alisema, "itabidi mimi Mjaluo nikufundishe watu wako. Huko unakokwenda usipeleke kitu chochote kinachochomekwa ardhini." Nilidhani ananitania.

Bonde lenyewe lilikuwa mwendo mfupi wa pikipiki kutoka mjini Nyamira. Chini yake palikuwa na chemichemi ambako watu wa mlima mzima waliteka maji, na ilikuwa ikififia. Sababu ilionekana kwa macho: mikaratusi. Safu yake iliteremka kutoka juu hadi chini kati ya mashamba mawili, kisha ilipofika kwenye ardhi oevu ikajitanua na kuizunguka chemichemi kama watu waliozunguka sufuria. Mashamba yale mawili yalikuwa ya ndugu. Moja lilikuwa la Mzee Ombati, mwenye wana watatu wakubwa waliofanya kazi Nairobi. La pili lilikuwa la marehemu mdogo wake, na sasa alilishika mjane, Mama Moraa, aliyezaa mabinti pekee na wote wameolewa. Hatimiliki ilikuwa bado katika jina la baba mkwe wake, aliyekufa zamani. Mikaratusi ilipandwa na mumewe.

Nilikwenda kwa Mama Moraa mara nne kumhubiria. Nilimweleza mizizi inavyokwenda chini, majani yanavyotoa unyevu, mti mmoja unavyokunywa kutwa nzima. Alinisikiliza kwa adabu, akanipa uji wa wimbi, akasema, "Asante afisa, nimeelewa." Mti haukukatwa hata mmoja. Nikajiambia kwamba anangoja miti inenepe aiuze kama nguzo. Niliandika hivyo katika ripoti, kwa lugha ya kitaalamu.

Nikaamua kuendelea na nilichoweza kukifanya mwenyewe. Nilinunua vigingi, nikavipaka rangi nyeupe na vichwa vyekundu, nikavichomeka chini ya mashamba yale mawili sambamba na kijito, kuonyesha ukanda ambao mpango wetu ulipendekeza uachiwe uoto wa asili. Mzee Ombati alipita na ng'ombe wake, akaniuliza lile swali. Nikamjibu kama nilivyowaambia. Alivitazama vile vichwa vyekundu kwa muda mrefu kuliko vilivyostahili.

Niliporudi siku chache baadaye, vigingi havikuwa sambamba na kijito tena. Vilikuwa vimegeuka na kuelekea mlimani, vimejipanga vizuri mno, umbali sawa kati ya kimoja na kingine, ndani ya shamba la Mama Moraa. Nduma zake, yale magimbi ya bondeni, karibu zote zilikuwa zimebaki upande wa Ombati. Wiki iliyofuata vilikuwa vimehamia upande wa pili, vimekata kibanda cha ng'ombe cha Ombati katikati. Hakuna aliyeving'oa na kuvitupa. Viliheshimiwa kupita kiasi. Kila upande uliona kwamba serikali imeleta mpaka, na kwamba kazi iliyobaki ni kuusaidia ukae mahali pake.

Mambo yakafika kwa chifu. Barazani, Mzee Ombati alisimama akiwa amekibeba kigingi kimoja mkononi kama kielelezo.

"Hiki kina rangi ya serikali," alisema. "Mimi sikukipaka. Afisa huyu hapa alikichomeka, nami nilimwona. Kama serikali imesema mpaka ni kwenye nduma, mimi ni nani nibishane?"

Watu wakacheka. Mama Moraa hakucheka. Alikuwa amekaa wima, mkoba umebanwa magotini, akinitazama mimi na si shemeji yake. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mwanamke asiye na mtoto wa kiume bondeni, na asiye na karatasi yenye jina lake, alikuwa akingoja kusikia iwapo rangi yangu ya mkebe ingempokonya kipande pekee chenye unyevu alichonacho. Nilisimama, nikasema mbele ya wote kwamba vigingi ni vyangu, kwamba havina maana yoyote kisheria, kwamba sikuviweka vilipo sasa, na kwamba nilikosea kuvileta. Chifu aliniuliza kama nina digrii. Nikasema ninayo. "Na huko hawakukufundisha kuuliza?" Watu wakacheka tena, na safari hii nilistahili.

Nilivikusanya vyote jioni ile na kumpelekea Bi. Achieng'. Alivihesabu kwa macho, akasema vitafaa kuegemezea nyanya zake. Kisha akasema, "Sasa nenda kwa yule mama. Usimwambie kitu kuhusu miti. Ukipewa kazi, ifanye."

Nilipewa kazi kweli. Nilimkuta Mama Moraa bondeni, sketi imekunjwa hadi magotini, anang'oa nduma.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba msamaha."

"Vua viatu."

"Mama?"

"Msamaha unaombwa hapa chini kwenye tope, mimi sipandi huko juu. Vua viatu, shika shina hili, vuta taratibu. Ukilikata kwa panga umeniharibia."

Tuling'oa nduma karibu saa nzima. Jifunzeni kufanya kazi ya mwenye shamba huku mkizungumza naye. Mtu husema zaidi mikono yake ikiwa na shughuli, na hasemi lolote ukimwekea kalamu mbele ya uso. Nilipoinuka kunyoosha mgongo, yeye ndiye aliyeigusia mikaratusi.

"Ulinifundisha sana juu ya hii miti," alisema. "Ulidhani sijui?"

"Nilidhani..."

"Mimi ndiye ninayeteka maji, afisa. Nilipoolewa hapa, mtungi ulijaa kabla sijamaliza ubeti mmoja wa wimbo wa Sabato. Leo naimba wimbo wote mpaka mwisho, naanza mwingine, na mtungi bado unadai. Wewe unazo hesabu za mizizi. Mimi nina koo limekauka kwa kuimba."

"Basi kwa nini hukati?"

Alinyoosha mkono wenye tope, akaufuata mstari wa miti kutoka juu barabarani hadi pale tuliposimama.

"Nikiiangusha hii, nionyeshe kwangu kunaishia wapi."

Nilitazama, nikaona kwa mara ya kwanza. Hapakuwa na ua, hapakuwa na jiwe, hapakuwa na mfereji. Miti ile ndiyo iliyokuwa hatimiliki yake. Mumewe alipoipanda alikuwa anaandika jina lake, na mjane huyu alikuwa amewekwa mahali ambapo akiiacha isimame atakosa maji, na akiiangusha atakosa ardhi ya kuyatumia hayo maji. Kwa miezi mingi alikuwa amelibeba jambo hilo peke yake, akinipikia uji na kuniambia ameelewa. Nilifikiria sentensi yangu ya kitaalamu kuhusu nguzo zinazongoja kunenepa, nikaona haya.

"Mpaka kwanza," alisema, akirudi kuinama. "Mikaratusi baadaye. Ukiupindua huo mpango wako hivyo, njoo tuongee."

Bi. Achieng' hakuhitaji kushawishiwa. Fomu yetu haikuwa na mahali pa mpaka, kwa hiyo aliuandika katika safu ya ardhi oevu, akasema atakayeuliza aje bondeni aone. Kisha akanituma kwa Mzee Ombati na maagizo mafupi: nisimpeleke kwa chifu, nisimtajie sheria, nimuulize tu kijito kilipita wapi baba yake alipokuwa hai.

Nilimkuta akikata mabingobingo, majani ya kulishia ng'ombe. Kwa kuwa nilikwisha kujifunza, nilichukua panga la pili nikamsaidia. Alijibu swali langu kwa furaha ambayo sikuitarajia, akanieleza bonde lilivyokuwa: matete marefu, ndege wanaotembea kwa miguu mirefu, akina mama wakioshea mtama kwenye jiwe ambalo sasa limezikwa. Kisha akaacha kukata.

"Unaniona mimi ni mwizi," alisema.

"Sijasema hivyo, mogaka," nilimjibu, kwa neno letu la kumheshimu mzee.

"Uso wako umesema. Sikiliza. Nina wana watatu, na ukanda wangu ukiugawa mara tatu mtu ataulima kwa kijiko. Mtu asiyejua kwake kunaishia wapi husogeza mpaka kidogo kila msimu. Si kwa ubaya. Anatafuta ukuta."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu migogoro ya ardhi, na sikumbuki kimoja kilichoieleza kwa uaminifu kama mtu huyo mwenye panga mkononi. Akakubali kutembea mpaka, kwa sharti kwamba utembewe kama zamani.

Kuutembea kama zamani maana yake ni hii. Wazee wawili watatu wa mlima ule wanaitwa, pamoja na majirani wa pande zote, ile jumuiya ya kusaidiana kazi tunayoiita risaga. Mnaanza juu barabarani na kuteremka. Kila baada ya hatua kadhaa mnachomeka tawi bichi la omotembe, ule mti wa miiba na maua mekundu unaochipua hata ukichomekwa kama fimbo, na ambao watu wetu hawaukati ovyo. Upande mmoja unachimba shimo, upande wa pili unaliweka tawi, kisha wote wawili wanalifukia kwa mikono yao. Baadaye hakuna wa kusema kwamba hakuwapo. Nilikuwa na chombo cha satelaiti mfukoni, nikarekodi kila tawi. Nilifanya hivyo kwa ajili ya ofisi yangu, wao hawakukihitaji.

Sehemu ya juu ilikwenda vizuri. Mzee Ombati alichimba, Mama Moraa akaweka tawi, wazee wakatoa maoni marefu kuhusu kina cha shimo. Watu walianza kutaniana. Mama mmoja alimwambia Ombati kwamba hajamwona akichimba hivyo tangu alipokuwa akimchumbia mkewe, naye akajibu kwamba wakati ule udongo ulikuwa laini zaidi, na mkewe pia.

Tulipofika chini, karibu na chemichemi, Mzee Ombati aliinua jembe mbele ya mkaratusi mkubwa wa mwisho. Mama Moraa hakuleta tawi. Alisimama nalo mkononi.

"Hapo sipo," alisema.

Utani ukakatika. Nilidhani anadai zaidi, na kwamba kazi yote imeharibika.

"Hapo sipo," alirudia, sauti ikiwa ndogo lakini imenyooka. "Kutoka mti ule wenye kovu kuja huku, marehemu alipinda. Alinionyesha mwenyewe mwaka ule alipoipanda. Hatua tatu hizi zilikuwa zenu."

Naomba msimame nami hapo kidogo. Kila mtu mlimani aliuchukulia mti ule kuwa ndio mpaka wa Mama Moraa. Nilidhani hapakuwa na shahidi mwingine aliye hai. Nduma zake zilikuwa ndani ya hatua hizo hizo tatu. Angenyamaza, mashimo yangechimbwa pale, wazee wangeshuhudia, na satelaiti yangu ingethibitisha. Alichagua siku ambayo angeweza kuchukua kila kitu ili kusema ukweli uliomwondolea sehemu.

Mzee Ombati aliliteremsha jembe.

"Nilijua," alisema. "Nilijua tangu miti ikiwa mifupi. Nilikuwa nangoja aniambie mwenyewe. Akafa kabla hajaniambia."

"Ndiyo nimekuambia mimi."

"Ndiyo, umeniambia."

Alipiga hatua tatu kuelekea kwa shemeji yake, hatua za kawaida, wala si ndefu, na wazee wote walikuwa wakiitazama miguu yake. Akachimba hapo. Aliichukua ardhi yake yote, na ilikuwa haki yake. Msitarajie watu wa mashamba membamba waonyeshane ukarimu wa hadithini. Mama Moraa akaliweka tawi, wakalifukia. Nduma zilizosalia pale tulipong'oa pamoja zilibaki upande wa Ombati, naye akamwambia azivune zikikomaa, kisha apande nyingine upande wake mwenyewe. Mpaka mpya ulipita ukingoni mwa chemichemi, kwa hiyo kila familia sasa iliyafikia maji bila kukanyaga kwa mwenzake.

Mikaratusi ya bondeni iliangushwa mwezi uliofuata. Ile ya mlimani, mbali na maji, tuliiacha. Mpango mzuri hauhitaji kushinda kila mti. Pale chini walipanda mianzi michache, miti ya kienyeji kutoka kitalu cha akina mama, na matete tuliyoyachukua bonde la jirani. Niwaambie pia nilichosahau, msije mkasahau ninyi: kisiki cha mkaratusi hakifi kwa kukatwa. Kiangazi cha kwanza vilichipua vyote, vikanywa kama zamani, na chemichemi haikubadilika. Nilitaka kujificha. Mama Moraa hakunilaumu. Kila Ijumaa asubuhi, kwa kuwa Jumamosi ni Sabato, alishuka na panga akavikata vichipukizi kimoja kimoja, na Mzee Ombati akaanza kukata vya upande wake, kisha wakawa wanashuka siku moja. Visiki vilichoka kabla yao. Kiangazi cha pili maji hayakukauka. Cha tatu, vyura walipiga kelele hadi mkewe Ombati akalalamika kwamba tumemletea kwaya ambayo haijui kunyamaza.

Hapo watu wa mabonde ya jirani walianza kuja ofisini. Nilitayarisha orodha ya miche ya kuwapa. Hawakuuliza miche. Waliuliza kama sisi ndio tunaotembeza mipaka. Bi. Achieng' alicheka hadi akavua miwani. Tulitembea, bonde baada ya bonde, na kila tulikotembea, sehemu ya chini ilijifungua yenyewe kwa mazungumzo kuhusu maji. Sijui kama jambo hilo lingefaa kwingine. Kule mwanzoni niliamini kwamba wakulima wanang'ang'ania miti kwa tamaa, na kumbe walikuwa wakingoja mtu wa kuwahakikishia kwamba wakiacha kipande kisilimwe, kitaendelea kuwa chao.

Siku yangu ya mwisho katika bonde lile nilikwenda kuaga, nikitembea kwa fimbo. Nilikuta gari limeegeshwa barabarani. Wana wa Ombati walikuwa wamekuja kutoka Nairobi na mpimaji wa binafsi, wapate hatimiliki zao kabla baba yao hajazeeka zaidi. Walikuwa bondeni, wawili wakivuta utepe, mkubwa wao akimwonyesha mpimaji kwa kidole. Kidole kilivuka safu ya omotembe, ambayo sasa ilikuwa na kimo cha mtu na maua yake mekundu, kikaenda hadi nduma mpya za Mama Moraa.

"Huko ni kwa nani?" mpimaji aliuliza.

"Ni familia," kijana alisema. "Ni shamba la babu. Mama yule hana kijana. Tunaweza kuweka yote pamoja, kisha tuone."

Mama Moraa alikuwa amesimama chini kwenye chemichemi na mtungi wake. Alisikia. Hakuusogeza mguu.

Mzee Ombati alikuwa ameketi kwenye kisiki, ameegemea fimbo, na nilidhani amesinzia. Aliinuka polepole, akateremka hadi ulipokuwa utepe, akaushika katikati kwa mkono wake na kuushusha chini.

"Pimeni kwangu," alisema. "Kwa Mama Moraa kumeshapimwa."

"Kumepimwa na nani, mzee?" mpimaji aliuliza, akigeuza karatasi zake. "Huku sioni kitu."

"Na mimi. Nilichimba mashimo haya yote." Alimtazama mwanawe mkubwa mpaka kidole kikateremka. Kisha akamgeukia mpimaji tena. "Una kalamu? Basi andika."